Kulala ndani ya gari-nyumba pwani ya Algarve: je, zile saa 48 ni za kila mahali?

Mama Neema, Hannover

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu nyote.

Mimi na mume wangu tunaishi Hannover pamoja na watoto wetu wawili, na likizo ya shule ya kiangazi hiki tumeamua kuitumia kusini mwa Ureno. Tutakodi gari-nyumba jijini Lisbon, lile lenye vitanda, jiko dogo na choo humo humo ndani, kisha tuteremke taratibu kwa njia ya pwani kupitia Vila Nova de Milfontes, Aljezur na Sagres, tukimalizia upande wa Faro na Tavira. Hatukusudii kupiga kambi. Tunachotaka ni kuegesha karibu na bahari jioni, kula, kulala, na asubuhi kuendelea na safari.

Hapa Ujerumani tumezoea kwamba dereva anaweza kulala usiku mmoja ndani ya gari lake mahali popote ambapo kuegesha kumeruhusiwa, ili apate nguvu za kuendesha salama kesho yake, mradi asitandaze viti na meza nje. Nilidhani Ureno ni vivyo hivyo. Nilipoanza kusoma nikakutana na maelezo yanayogongana: wapo wanaosema kwamba tangu mwaka 2021 kulala garini ni marufuku nchi nzima isipokuwa kwenye maeneo maalumu, na wapo wanaosema kwamba kila manispaa humpa mgeni saa 48. Mfanyakazi wa kampuni moja ya kukodisha magari niliyezungumza naye kwa simu alinihakikishia kwamba madereva wote hulala kwenye maegesho ya fukwe na hakuna anayesumbuliwa. Jibu hilo halikunituliza hata kidogo, kwa sababu atakayegongewa dirisha usiku wa manane watoto wakiwa wamelala ni mimi, si yeye.

Naomba wenye uzoefu wa huko wanisaidie. Je, hizo saa 48 zipo kweli, na kama zipo, zinahusu pia maegesho yaliyo juu ya fukwe? Je, tusipotoa kitu chochote nje ya gari, wala kufungua turubai la kivuli, bado tutahesabiwa kuwa tumevunja sheria? Na ni kwa nini miji inayoishi kwa utalii huwaondoa wageni wake usiku? Hili la mwisho naliuliza kwa nia njema, maana ningependa watoto wangu waelewe sababu ya katazo, wasilitii kwa kuogopa faini peke yake.

Mwana wa Tanga, Lagos ya Ureno

Mama Neema, karibu sana, na umefanya vyema kuuliza kabla ya kufunga safari. Ninaishi Algarve na kazi yangu ni ya mapokezi katika eneo la kulaza magari-nyumba, kwa hiyo ujue mapema kwamba nina upande katika jambo hili. Lakini haya nitakayoyaeleza yamo ndani ya sheria, na mtu yeyote anaweza kuyahakiki.

Maelezo mawili uliyokutana nayo yote mawili yalikuwa sahihi, kila moja kwa wakati wake. Mwezi Desemba 2020 serikali ilitoa amri ya kisheria namba 102-B/2020, ambayo iliingiza kifungu kipya, cha 50-A, katika Sheria ya Barabara. Na kuanzia tarehe 8 Januari 2021 kulala ndani ya gari-nyumba nje ya mahali palipoidhinishwa waziwazi kukawa marufuku nchi nzima, pwani na bara. Hali hiyo ilidumu miezi michache tu. Tarehe 24 Agosti 2021 ikatangazwa Sheria namba 66/2021, iliyokiandika upya kifungu hicho, na humo ndimo zilimotoka saa 48 zinazotajwa na watu. Ukurasa wowote ulioandikwa katikati ya tarehe hizo mbili bado unasomeka mtandaoni kama ulivyokuwa, na ndiyo maana wageni wengi wanachanganyikiwa.

Kifungu kilivyo sasa kinaigawa nchi katika sehemu mbili. Ya kwanza ni maeneo ya mtandao wa Natura 2000, yaani maeneo ya asili yanayolindwa chini ya sheria za Umoja wa Ulaya, maeneo ya hifadhi, na ukanda unaosimamiwa na mipango ya matumizi ya pwani. Humo kulala garini ni marufuku, isipokuwa mahali palipoidhinishwa kwa ajili hiyo. Ya pili ni nchi iliyobaki. Huko, pale ambapo manispaa haijatunga kanuni yake yenyewe, gari-nyumba lililothibitishwa kuwa la aina hiyo linaruhusiwa kulala kwa muda usiozidi saa 48 katika manispaa moja. Naomba uyazingatie maneno hayo ya mwisho. Saa hizo ni za manispaa nzima, si za kila maegesho, kwa hiyo kulihamisha gari kutoka mtaa huu hadi ule hakuanzishi hesabu mpya. Vilevile, pale ambapo manispaa ina kanuni yake, hiyo ndiyo inayofuatwa, na huenda ikawa kali zaidi.

Sasa nijibu kuhusu viti na turubai. Sheria ya hapa inataja makosa mawili yanayosimama kila moja peke yake. Kosa moja ni kuegesha huku ukitumia nafasi inayozidi umbo la gari lenyewe, na hapo ndipo viti, meza na turubai vinapohusika. Kosa la pili ni kulala, na tafsiri yake imeandikwa kwa saa: ni gari kuwepo mahali pa maegesho likiwa na watu ndani kati ya saa tatu usiku na saa moja asubuhi. Kwa hiyo unaweza kufunga kila kitu, ukazima taa na kushusha pazia, na bado ukawa umetenda kosa la pili bila kuligusa la kwanza. Ile kawaida ya Ujerumani ya usiku mmoja wa kupumzika haimo katika kifungu hiki.

Chukua basi ramani uitazame njia uliyoitaja. Kutoka São Torpes, kusini kidogo ya Sines, hadi Burgau, karibu na hapa Lagos, pwani yote imo ndani ya Hifadhi ya Asili ya Kusini-Magharibi ya Alentejo na Costa Vicentina. Milfontes, Zambujeira, fukwe za Aljezur, na Sagres yenyewe, zote zimo katika safu hiyo. Ukifika Faro unaingia kwenye Hifadhi ya Ria Formosa, inayofuata wangwa na visiwa vya mchanga kuelekea mashariki na kuupita mji wa Tavira. Katikati ya hifadhi hizo mbili, yaani Lagos, Portimão, Albufeira na majirani zake, kuna mipango ya pwani, ambayo ukanda wake wa nchi kavu kwa kawaida hufika mita 500 kutoka ufukweni. Ukiunganisha yote hayo utaona kwamba maegesho ambayo mgeni angeyachagua kwa ajili ya mandhari ya bahari karibu yote yanaangukia sehemu ya kwanza, ile ya marufuku. Saa 48 zipo, lakini kwa safari yako hazitakusaidia sana. Hata kupanda milimani si lazima kukutoe humo, kwa kuwa milima ya Monchique nayo imo katika mtandao wa Natura 2000.

Faini ni kati ya euro 60 na 300 kwa kawaida, na kati ya euro 120 na 600 kosa likitendeka katika maeneo ya sehemu ya kwanza. Asiyeishi Ureno hutakiwa kulipa papo hapo, na asipotaka kulipa anaambiwa aweke dhamana inayolingana na kiwango cha juu cha faini hadi shauri lake liamuliwe. Wanaopita kukagua ni askari wa vikosi viwili vya polisi: GNR mashambani na kwenye fukwe zilizo mbali na miji, na PSP ndani ya miji mikubwa.

Kuna jambo moja ambalo hukuliuliza, nami nimeona watu wakilijua kwa kuchelewa. Ruhusa ya saa 48 imetolewa kwa magari-nyumba yaliyothibitishwa na mamlaka ya usafiri kuwa ya aina hiyo. Kampuni nyingi hukodisha magari madogo ya mizigo yaliyowekewa godoro na jiko la kuchomoa, ambayo katika kadi ya usajili ni magari ya kawaida. Gari la namna hiyo linaingia katika katazo kwa sababu sheria inataja magari-nyumba "au yanayofanana nayo", ila katika ruhusa halimo. Mwulize huyo aliyekuambia usiwe na hofu gari lake limesajiliwa kuwa nini, na umwombe nakala ya kadi.

Dereva wa Bologna

Ninamshukuru Mwana wa Tanga kwa maelezo yaliyonyooka, na simshauri Mama Neema avunje sheria ya nchi anayokwenda kama mgeni. Hata hivyo naona ni haki kusema kwamba sheria hiyo imeelekezwa mahali pasipostahili, na kwamba zipo nchi jirani zilizolitazama jambo hili kwa namna iliyo bora zaidi.

Hapa Italia, kifungu cha 185 cha Sheria ya Barabara ya mwaka 1992 kinasema kwamba gari-nyumba lililoegeshwa halihesabiwi kuwa limepiga kambi iwapo limeigusa ardhi kwa magurudumu yake tu, iwapo halimwagi chochote isipokuwa moshi wa injini, na iwapo halitumii nafasi inayozidi umbo lake. Yaani kinachopimwa ni tendo. Ukimwaga maji ya sinki barabarani, umekosa. Ukishusha miguu ya kulisawazisha gari au ukafungua turubai, umekosa. Ukifumba macho kitandani mwako huku gari likikaa kama gari lingine lolote, hakuna uliyemdhuru. Hispania nayo, kupitia mwongozo ambao idara yake ya usalama barabarani iliutoa mwaka 2008, ilichukua msimamo unaokaribiana na huo kwa upande wa barabara na maegesho, ingawa Sheria ya Pwani ya mwaka 1988 inakataza kuegesha na kupiga kambi kwenye eneo la ufuo lenyewe, na manispaa zina kanuni zake.

Nipeni jibu basi. Katika maegesho yale yale juu ya jabali, saa nne usiku, kuna gari dogo lenye vijana wanne wanaokunywa bia na kutupa chupa kichakani, na kando yake kuna gari-nyumba lenye mama, baba na watoto wawili waliolala, tangi lao la maji machafu likiwa limefungwa vizuri. Kifungu cha 50-A kinamgusa nani? Kinawagusa waliolala. Wale vijana ni juu ya askari kuwakamata na chupa mkononi.

Nina shaka pia na sababu zinazotolewa na baadhi ya miji. Wakati wa baridi, wastaafu kutoka Uholanzi, Ufaransa, Ujerumani na Uingereza huteremka Algarve na magari yao na kukaa miezi, wakinunua mikate, samaki na dizeli katika msimu ambao hoteli nyingi zimefunga milango. Ikifika Julai watu wa aina hiyo hiyo wanawekewa vizuizi vya urefu kwenye lango la maegesho, vile vya bomba la chuma lililolazwa juu ya nguzo mbili, ambavyo gari-nyumba haliwezi kupita chini yake hata saa sita mchana. Kizuizi hicho hakizuii kulala tu. Kinamnyima mtu hata nafasi ya kuwapeleka watoto kuogelea. Mji wenye hofu ya uchafu ungejenga mahali pa kumwagia uchafu, ukatoza ada, na ukamwadhibu vikali anayemwaga kwingine.

Bi Rehema, Aljezur

Mwanangu wa Bologna, nimesoma hoja yako kwa makini na sehemu yake moja naikubali, nitaifikia. Lakini mimi ninaishi hapa Aljezur na ninafanya kazi katika mgahawa ulio njiani kuelekea ufukweni, kwa hiyo naomba nikuonyeshe jinsi mambo yalivyo.

Kwenye maegesho ya juu ya fukwe zetu hakuna choo kinachotosha, na mahali pengine hakuna choo kabisa. Asubuhi ya Agosti, kabla ya wateleza-mawimbi hawajajaa, ukifuata kijia cha mchanga kinachoanzia nyuma ya mstari wa magari, hatua kama ishirini hivi, unaanza kuona karatasi nyeupe chini ya vichaka, moja hapa, tatu pale, nyingine zimefunikwa kwa jiwe. Magari mengi madogo yaliyowekewa godoro hayana choo, na hata yenye choo, sanduku lake hujaa baada ya siku mbili au tatu kwa familia ya watu wanne. Kando ya gari utaona doa la maji ya sinki lililokauka mchangani, lenye mafuta na punje za wali. Doa la gari moja halina uzito. Magari arobaini usiku kucha, miezi miwili mfululizo, kwenye udongo ambao mvua haiugusi tangu Mei hadi Septemba, hayo ni mambo mengine.

Mimea ya matuta yetu ya mchanga ni mifupi, imeshikilia mchanga kwa mizizi myembamba, na gurudumu likipita juu yake mara chache tu inakatika, upepo ukaanza kuuhamisha mchanga. Kule Cabo Sardão korongo weupe hujenga viota vyao juu ya nguzo za mwamba zilizosimama baharini, jambo ambalo ni nadra sana kwa ndege hao duniani, nao hawastahimili watu wakizungukazunguka na tochi ukingoni usiku. Kisha kuna moto. Agosti 2023 moto ulioanzia Odemira, manispaa jirani, ulivuka mpaka ukaingia huku kwetu na upande wa Monchique, ukateketeza maelfu ya hekta, vijiji vikahamishwa. Mtu aliyeushuhudia usiku ule hawezi kumwona mgeni akiwasha jiko la gesi kwenye nyasi kavu akaendelea na shughuli zake.

Kuhusu swali lako la vijana na familia iliyolala, nitakujibu hivi. Sheria inayopima tendo inahitaji mtu wa kulishuhudia tendo. Hakuna anayefungua bomba la maji machafu mbele ya askari. Hufunguliwa saa tisa usiku, au pale gari linapoondoka, mkondo ukifuata nyuma yake hadi barabara kuu. Manispaa hii na ile ya Vila do Bispo kila moja ina wakazi wapatao 6,000 tu, na pwani ya makumi ya kilomita zenye vijia visivyohesabika. Askari wawili wenye gari moja hawawezi kukesha kando ya kila tangi. Wanachoweza ni kupita saa tano usiku, kuona gari lina watu ndani, na kuandika faini. Nakubali kwamba kwa njia hiyo familia yenye adabu inaadhibiwa pamoja na wasio na adabu, na hilo linaniuma, lakini sijaona njia nyingine ambayo mji mdogo unaweza kuisimamia.

Pale ninapokubaliana nawe ni kwenye hili: katazo lisiloambatana na mahali pa kulala halimwondoi mtu, linamsogeza tu. Askari wakisafisha maegesho ya ufukweni, magari huingia vichochoroni mwa kijiji, mbele ya madirisha ya wazee, na ugomvi unaanza upya. Algarve inayo mapokezi yaliyoratibiwa kwa ajili ya magari-nyumba, yanayosimamiwa na ofisi ya mkoa ya maendeleo pamoja na manispaa na watu binafsi, na kazi hiyo ni nzuri. Lakini maeneo mengi yako upande wa kusini na mashariki. Huku magharibi, mahali ambapo mandhari inawavuta vijana wengi, nafasi ni chache kuliko magari. Hilo ni deni la viongozi wetu, na ninalisema waziwazi kwenye mikutano ya manispaa.

Na vile vizuizi vya urefu, mwanangu, mimi pia sivipendi.

Mama Neema, Hannover

Shikamoo Bi Rehema, na ahsanteni sana nyote. Nimemsomea mume wangu majibu haya kwa sauti na tumekubaliana kwamba hatutalala kwenye maegesho ya fukwe hata usiku mmoja. Binti yetu mkubwa ameguswa zaidi na habari za korongo, na sasa anataka tupitie Cabo Sardão mchana ili awaone kwa darubini kutoka mbali.

Nimempigia tena yule mfanyakazi wa kampuni kama nilivyoshauriwa. Alinyamaza kidogo, kisha akakiri kwamba gari tulilokuwa tumelichagua limesajiliwa kama gari la abiria lililobadilishwa ndani. Tumelibadilisha kwa lenye usajili kamili, ambalo ni ghali zaidi lakini lina choo na tangi la maji machafu.

Yamebaki maswali mawili. Ndege yetu inatua Lisbon saa kumi na moja jioni, kwa hiyo tutakabidhiwa gari jua likielekea kuzama. Tukisema tuteremke hadi pwani usiku huo huo, tutafika tumechoka na pengine malango yamefungwa. Mmeona watu wanafanyaje? Na pili, je, tunaruhusiwa kuegesha juu ya ufukwe mchana kutwa na kuutazama machweo, kisha tuondoke kwenda kulala panaporuhusiwa?

Mwana wa Tanga, Lagos ya Ureno

Mama Neema, umefanya jambo la maana kulibadilisha gari.

Usiku wa kwanza msiteremke. Uchovu hauhesabiwi kuwa udhuru katika kifungu cha 50-A, na barabara za pembeni kati ya Milfontes na Aljezur ni nyembamba, hazina taa, na nguruwe-mwitu huzivuka. Tafuteni eneo lililoidhinishwa karibu na Lisbon au upande wa Setúbal, muwaandikie mapema kwamba mtafika saa mbili au saa tatu usiku, na mwombe namba ya kufungulia lango iwapo mapokezi yatakuwa yamefungwa. Maeneo mengi yana utaratibu huo, lakini hutolewa kwa aliyeomba. Usiku huo utawasaidia pia kulijua gari: wapi maji safi yanajazwa, tangi la maji machafu linafungukaje, sanduku la choo linachomolewaje. Ni afadhali kuyajifunza hayo mahali penye taa na bomba.

Kuhusu mchana, jibu ni ndiyo, pale ambapo hakuna kibao kinachokataza magari-nyumba na hakuna kizuizi cha urefu. Katazo la kulala linaanza saa tatu usiku, na kabla ya hapo gari lenu ni gari lililoegeshwa, mradi halijatandaza chochote nje na limesimama kwenye nafasi iliyopangwa, si juu ya mimea. Mwezi Agosti jua la Sagres huzama kabla ya saa tatu, kwa hiyo mtayaona machweo na kuondoka bila haraka. Mkija mapema Julai, jua linazama karibu na saa tatu kamili, na hapo nawashauri mlipeleke gari kwanza mahali pa kulala kisha mrudi kwa miguu. Sagres ni mji mdogo, na kutembea jioni hadi ukingo wa majabali ni starehe kwa watoto.

Kwa upande wa mashariki, msiogope kulala ndani zaidi kidogo ya pwani. Barabara ya A22 inakwenda sambamba na bahari kutoka karibu na Lagos hadi mpaka wa Hispania, na tangu tarehe 1 Januari 2025 haitozwi ushuru, kwa hiyo eneo lililo mbali kidogo na Tavira haliongezi gharama isipokuwa mafuta. Hata huko, kabla ya kutegemea zile saa 48, ulizeni ofisi ya utalii ya manispaa husika iwapo ina kanuni yake na iwapo mahali mlipopachagua pamo ndani ya Natura 2000. Swali hilo huulizwa kila siku na watajua kulijibu.

Maeneo ya kulala hujaa mapema Julai na Agosti, hasa ya magharibi kama alivyosema Bi Rehema. Wekeni nafasi ya Aljezur na ya Sagres kwanza, hata leo, kisha usiku mwingine wote mupange kufuatana na hizo mbili. Siku mtakayoondoka Sagres mwage maji machafu na sanduku la choo kabla ya kutoka langoni, kwa sababu kutoka hapo hadi Lagos mtapita fukwe nyingi na watoto watataka kusimama kila moja.